Kilichomfurahisha Baba Yangu Tanga

(Hotuba iliyotolewa na mwanachama mfanyabiashara katika ukumbi wa hekalu, jioni ya maadhimisho, mbele ya wanachama na majirani)

    

Kamati imenipa mada niizungumze kwa dakika ishirini: ni mambo gani ya kila siku yanayompendeza mtu katika nchi aliyoihamia. Nilipoisoma barua nilimpigia simu Katibu nikamwambia, "Bhai, mimi sikuhamia popote. Nimezaliwa Bombo." Akanijibu kwamba hilo analijua, ila wale waliohamia hasa wamekwisha kututoka, na miongoni mwetu tuliosalia mimi ndiye niliyekaa sana na marehemu baba yangu dukani, nikamsikia akisimulia. Basi mengi nitakayoyasema ni yake. Yangu yatakuja mwishoni, na huenda yasiipendeze Kamati iliyonialika. Naomba radhi mapema.

Baba yangu alitoka kijiji kilicho karibu na Porbandar. Mwaka 1949, akiwa kijana wa miaka 17, alipanda meli ya Karanja huko Bombay, akasafiri juu ya sitaha pamoja na magunia, masanduku na watu wa kila namna, akashuka Mombasa, kisha akaja Tanga kwa barabara kumfanyia kazi mjomba wake mwenye duka Ngamiani. Nia yake ilikuwa kukaa miaka mitatu, akusanye fedha, arudi kwao. Watu wa Tanga wana msemo wao maarufu, "Waja leo, waondoka leo", na kila mtu huufasiri apendavyo. Baba alisema unamhusu yeye kwa nusu yake ya kwanza tu. Alikuja leo, habari ya kuondoka aliisema kila mwaka kwamba ni kesho, mpaka mwaka 1961 bendera ilipobadilishwa, akaomba uraia, asiseme tena.

Nilimwuliza mara nyingi kilichomweka. Kwa kuwa nilikuwa kijana, nilitazamia jibu kubwa, la biashara au la siasa. Hakunipa. Alinisimulia habari ya mafuta ya taa.

Katika wiki yake ya kwanza dukani alikuwa na Kiswahili cha maneno thelathini hivi, karibu yote majina ya bidhaa. Asubuhi aliingia mama mmoja mwenye chupa tupu mkononi. Baba akanyosha mkono aipokee chupa. Yule mama hakuitoa. Akamsalimu. Akamwuliza ameamkaje, na nyumbani hawajambo, na safari ya bahari ilikuwaje, na huko alikotoka wazazi wake wazima? Baba hakuelewa hata nusu, akawa anaitikia kwa kichwa. Mjomba akamsaidia kujibu, naye akamwuliza yule mama habari za mumewe, za watoto, za shamba, na za mguu uliokuwa ukimsumbua. Hatimaye chupa ikatolewa: nusu chupa ya mafuta ya taa. Baba alipiga hesabu akaona kwamba katika muda ule angeweza kupima sukari ya wateja wanne. Alidhani kwamba ndiyo sababu mjomba wake hatajiriki.

Baada ya miaka kumi yeye mwenyewe alikuwa hivyo hivyo. Mteja akiingia na kutaja bei kabla ya salamu, baba alisitisha kazi akamtazama usoni, maana alijua kuna jambo nyumbani kwake: mgonjwa, au ugomvi, au njaa. Mara nyingi alikuwa sahihi. Kule kwao, alisema, watu husalimiana kwa "Ram Ram" na kupita, wala si kwa ubaya, kwani kijiji kizima chajuana na hakuna la kuuliza. Huku alikuwa mgeni asiyejulikana na mtu, na kila asubuhi watu wasiopungua ishirini walitaka kujua kama mama yake, aliyekuwa ng'ambo ya bahari, ameamka salama. Hakuwa na njia ya kujua. Barua zilichukua majuma mengi. Lakini alisema kwamba kuulizwa kwenyewe kulimfanya amkumbuke mama yake kila siku, na kwa hiyo akamwandikia mara kwa mara kuliko vijana wenzake waliokwenda miji mikubwa.

Sasa nije kwenye kahawa. Hili sijapata kulisema hadharani, nami nalisema leo kwa kuwa wahusika wote wawili wametangulia.

Baba alilelewa katika nyumba ambayo mtu hanywi kwenye kikombe kilichonywewa na mtu asiye wa jamaa yake. Desturi hiyo twaijua sote tuliomo humu, tusijifanye hatuijui. Kila siku baada ya alasiri alipita muuza kahawa, dele mkono mmoja, vikombe vikilia mkono wa pili, akaketi barazani kwetu, na wazee wakakusanyika. Akimkaribisha baba, baba husema, "Nimefunga." Kesho yake, "Nimefunga." Wiki zikapita. Siku moja muuza kahawa akamwambia mbele ya watu wote, "Bwana Banyani, mbona mfungo wako hauna mwezi?" Watu wakacheka sana, na baba akaingia ndani kwa aibu.

Siku ya pili yule bwana alikuja mapema kuliko kawaida yake, peke yake. Alikuwa na kikombe kipya chenye mstari wa buluu, bado kina vumbi la dukani. Akakiosha kwa bomba letu wenyewe, akampa baba mkononi, akasema, "Kiweke rafuni kwako. Nikija, wewe kitoe, mimi nitamimina." Hakusema zaidi. Tangu hapo, kwa miaka, kila jioni baba alikitoa kikombe chake, muuza kahawa akamimina kutoka juu bila dele kukigusa, na mazungumzo yakaendelea. Hakuna mzee hata mmoja aliyetia neno. Mimi niliyezaliwa baadaye nilikikuta kikombe kile rafuni, nikadhani kila duka lina kikombe chake.

Kisha mama yake muuza kahawa akafariki. Baba akafunga duka akaenda kukaa matangani. Alikaa mkekani pamoja na wengine, na kahawa ikapitishwa kama ilivyo ada. Kikombe chenye mstari wa buluu kilikuwa rafuni, Ngamiani. Kikombe kilichozunguka kilimfikia baba, akakipokea, akanywa, akampa aliye kando yake. Mimi nilikuwepo, nikiwa na miaka sita au saba, nami niliona, kwa sababu nyumbani tulikatazwa jambo lile lile. Njiani kurudi hakuniambia kitu. Muuza kahawa aliporudi kazini, baba alimkabidhi kile kikombe akamwambia akichanganye na vingine. Basi nilikiona miaka mingi baadaye mikononi mwa watu wengi: wavuvi, karani wa reli, mwalimu wangu wa hesabu. Mama yangu hakufurahi alipopata habari. Alinyamaza siku tatu. Lakini hakumwambia baba akirudishe.

Wazee walioko mbele wananitazama. Nitapita upesi kwenye chakula, mada ambayo kila mtu hapa ni mtaalamu kuliko mimi. Kwa mtu asiyekula nyama, Tanga ni mji wenye huruma. Tuvar tunayoipika kila siku ndiyo mbaazi, na jirani akiziunga kwa tui la nazi asubuhi, pamoja na mandazi, hakuna Mgujarati atakayekumbuka kijiji chake. Kuna machungwa ya Muheza, mihogo ya kuchoma yenye pilipili na ndimu, madafu, kunde, mchicha. Kuhusu embe, baba hakukubali kushindwa. Mpaka anakufa alishikilia kwamba kesar ya kwao haina mpinzani, huku akila dodo kwa mikono miwili. Mama alilifanyia achari dodo bichi, mtungi mmoja wa nyumbani na mmoja wa majirani. Sikukuu ya Idi ikifika, sahani yetu ililetwa ina tambi na kaimati tu, haina nyama, na aliyeileta alisema mlangoni, "Hii haikukaribiana na sufuria ya nyama, msiwe na wasiwasi." Sisi hatukupata kuomba hivyo.

Na lugha. Mimi ni katika watoto waliosoma shule ya msingi wakati Kiswahili kilipofanywa lugha ya kufundishia, mwaka 1967, na katika mkoa uliomzaa Shaaban Robert haikuruhusiwa kukisema ovyo. Katika somo la siasa mwalimu alipoandika ubaoni neno "ubepari", darasa zima liligeuka kunitazama. Nikanyosha mkono nikasema kwamba kwetu vepari ni mtu yeyote mwenye duka, hata akiwa maskini kama baba yangu. Mwalimu akacheka mpaka akavua miwani. Ndipo nikajua kwamba neno lile lilivuka bahari pamoja nasi, kama laki na hundi, likapata kazi nyingine huku. Nayo maneno ya Kiswahili yaliingia jikoni kwetu bila kubisha hodi. Mama yangu hakuwa akifagia kwa kitu kingine isipokuwa fagio, wala kukata kwa kitu kingine isipokuwa kisu, hata alipokuwa akisema Kigujarati kitupu.

Maneno hayo niliyakuta tena mbali sana, na ndiyo sehemu yangu mimi ya habari hii.

Binti yangu anaishi Leicester, Uingereza, na mke wangu nami tulikwenda kukaa naye miezi minne ya baridi. Sitausema vibaya mji ule. Nilipanda basi likafika kwa dakika iliyoandikwa. Daktari alinipima bila haraka. Belgrave Road imejaa maduka ya sari, ya dhahabu na ya mithai, kiasi kwamba mtu anaweza kupitisha mwezi asiseme ila Kigujarati. Jirani wa binti yangu, mama wa Kiingereza, aliturudishia mapipa ya taka kila Alhamisi tuliposahau, kimya kimya, wala hatukumwona akifanya. Jua tu ndilo lililonishinda: mwezi wa Desemba linazama kabla ya saa kumi jioni.

Hekaluni kule nikakutana na mzee aliyezaliwa Jinja, aliyetoka Uganda mwaka 1972, Idi Amin alipotoa siku 90. Aliposikia natoka Tanga alinishika mkono akaacha Kigujarati, akaanza Kiswahili chenye kutu. Hakuniuliza habari za serikali, wala bei ya nyumba. Aliniuliza kama mihogo bado inachomwa kando ya barabara. Kule wanaiita mogo, huuzwa dukani imegandishwa katika mifuko, na mikahawa huikaanga kwa pilipili. Katika nyumba yake kisu ni kisu na fagio ni fagio, na wajukuu zake waliozaliwa Leicester wanadhani hayo ni maneno ya Kigujarati. Aliniambia kwamba Uingereza ilimpa kila alichohitaji, na kwamba anaishukuru asubuhi na jioni. "Lakini," akasema, "nikikosa kutoka nyumbani wiki nzima, ni mwanangu tu atakayejua."

Niliporudi Tanga, dereva wa bajaji aliyenibeba kutoka stendi, ambaye simjui hata jina, alinigeukia akasema, "Mzee, ulipotea!" Mpaka nafika mlangoni nilikuwa nimeambiwa hivyo na watu watano. Muuza magazeti alidai maelezo.

Sasa watoto wetu wanataka tuhamie kwao moja kwa moja. Wana sababu nzuri. Sisi tunazeeka, nao wana hofu. Fomu ziko juu ya meza ya chakula, zimejazwa nusu. Mke wangu ameketi pale safu ya pili, ananitazama, kwa hiyo hapo naacha.

Ila nieleze jambo moja lililonizuia kuzijaza nusu ya pili. Mama yangu alipofariki tulimchoma kwa desturi yetu. Majirani Waislamu, ambao dini yao haina jambo hilo, walitusindikiza mpaka mahali pa kuchomea, wakasimama langoni katika jua mpaka tulipomaliza. Tuliporudi tukawakuta wengine wamekwisha kutandika mikeka kwenye baraza la hekalu hili, kwa kuwa nyumbani kwetu hapakutosha. Walikaa matanga siku tatu. Kahawa ilipitishwa. Nami nilikunywa kikombe kilichonifikia.

Ndugu wanachama, baraza hilo ndilo linalotakiwa kubomolewa.

Nimeomba ruhusa ya Mwenyekiti kulisema hili mbele ya majirani, naye amenipa, ingawa kwa kusitasita. Mchoro wa ukarabati unaonyesha ukuta wa futi nane upande wa barabarani, geti la chuma, na mahali pa kuegesha magari sita pale lilipo baraza. Sikusimama kumdharau Mweka Hazina wetu, aliyeufanyia kazi mchoro huo kwa miezi mingi bila malipo. Hofu yake ina msingi. Mwaka juzi sanduku la sadaka lilivunjwa. Lakini sote twakumbuka kwamba usiku ule ulikuwa wa mvua kubwa, na baraza lilikuwa tupu. Siku nyingine zote mwizi angepaswa kwanza kuwapita wazee wa bao, ambao huketi pale mpaka usiku mwingi na wanaomjua kila mtu kwa hatua zake. Kabla yao huwa pana wanafunzi wanaongoja mvua ipite, na kabla ya hao fundi viatu, tangu asubuhi. Sijapata kusikia hekalu jingine lenye walinzi wengi hivyo wasiodai mshahara.

Na nisidhaniwe nina nia ya kibiashara. Mimi nauza saruji na nondo. Ukuta ule ungeniletea fedha nzuri.

Kuna jambo jingine linaloniuma. Jioni hii, watu walipokuwa wakivua viatu, mama mmoja jirani alinisalimu mlangoni akaniambia kwamba amekaa mkabala na hekalu hili miaka arobaini, akasikia kengele zetu kila asubuhi, akazitumia kuwaamshia watoto waende shule, na kwamba leo ndiyo mara yake ya kwanza kuingia. Hakusema kwa lawama. Alisema akiangalia taa. Miaka arobaini. Sisi tuliokuwa tukifurahia mbaazi zake, salamu zake, na tambi zake za Idi, hatukumwambia hata siku moja, "Karibu ndani." Tulikuwa na baraza tukadhani limetutimizia wajibu wote. Nalo sasa twataka kuliondoa.

Pendekezo langu ni hili. Baraza libaki. Litiwe sakafu mpya, maana ya sasa imepasuka upande wa kushoto na mzee mmoja aliteguka pale mwezi uliopita. Iwekwe taa inayowaka usiku kucha. Mlango wa ndani wa chumba cha sadaka utiwe chuma badala ya mbao, kazi ambayo fundi wa mtaa huu ataimaliza kwa siku mbili. Magari yaegeshwe nyuma, penye mti wa mwarobaini, bila kuugusa mti. Saruji ya baraza nitaitoa mimi, na sitaki jina langu liandikwe ukutani. Na katika Diwali ijayo mwaliko uende nyumba kwa nyumba, upelekwe kwa miguu na vijana wetu, waanze na ile nyumba iliyo mkabala.

Mchoro umebandikwa ubaoni karibu na mlango wa jikoni, kila mtu autazame, majirani pia. Mkutano wa wanachama ni Jumapili saa kumi alasiri, na kura itapigwa kwa kunyosha mikono. Nawaomba mnaoniunga mkono mfike mapema, kwa sababu wanaonipinga nawajua, hawachelewi kamwe.

Chai iko tayari, na kahawa imeletwa na kijana ambaye ni mjukuu wa yule niliyemtaja.